Bibi Harusi wa Msonobari

Msonobari haukatai mchumba. Ndiyo maana sisi wa Vrbanovci, mwaka ambao fašenk, sikukuu yetu ya vinyago, inatukuta hakuna hata mmoja aliyeoa wala kuolewa majira yote ya baridi, huingia msituni tukakata msonobari mrefu kuliko yote, tukautafutia bibi harusi na kuufungisha ndoa barabarani kabla Kwaresima haijaanza. Majirani zetu wa Jelšanci huja kwa wingi kutucheka. Ni aibu ya kijiji, lakini ni aibu yenye maandazi ya moto na pombe ya plamu, kwa hiyo hakuna anayekosa.

Mwaka huo aibu ilikuwa na jina na anwani. Doroteja Zrim, Teja kwa wote, kipa wa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa magongo, alikuwa aolewe Januari na Gorazd Flisar, mkamuaji wa mafuta ya mbegu za maboga. Nguruwe ameshachinjwa, gauni limeshashonwa, kijiji kizima kimeshaalikwa. Kisha kipa namba moja wa taifa akavunjika kidole, Teja akaitwa kambini siku hiyo hiyo, na harusi ikaahirishwa. Tangu hapo Gorazd hakumsemesha tena.

Basi Jumapili ya fašenk, asubuhi, basi la timu lilimshusha Teja njia panda ya kanisa. Alishuka na begi kubwa la vifaa linalonuka jasho la ukumbini, kifundo cha mguu kimefungwa bendeji, medali ya shaba mfukoni. Timu ilikuwa imepanda daraja. Penalti ya mwisho aliipangua yeye kwa unyayo, na njia nzima wenzake walikuwa wakiimba jina lake. Mama yake, Gizela, alikuwa akimngoja pale njia panda na gauni la harusi mkononi.

"Hongera, pole na safari, vua koti," alisema Gizela.

"Mama, hata uso sijanawa."

"Utanawa ukishaolewa."

"Na nani tena?"

"Na mti. Wazima moto wa kijiji, ndio waandaaji, walikaa kikao wakatafuta bibi harusi. Nasikia hawakuhitaji hata kubishana."

Teja alicheka mpaka begi likamponyoka. "Haki yao. Na hilo si gauni langu lenyewe?"

"Gauni lipo, bibi harusi yupo. Anayekosekana ni bwana tu, na huyo amekatwa jana."

"Na padri wa uongo mwaka huu ni nani?"

Gizela alianza kutafuta pini ambazo zilikuwa mdomoni mwake. "Inua mkono, mwanangu. Umetanuka mabega."

"Mama. Padri ni nani?"

"Vijana walivuta vijiti. Kifupi kikamwangukia Gorazd."

Kicheko cha Teja kilikatika. Huyu ni msichana anayesimama mbele ya mpira mgumu kama jiwe unaokuja kwa kasi ya gari, na hafumbi macho. Lakini aliposikia jina hilo alishika nguzo ya kituo cha basi. Alikuwa anampenda Gorazd, alimpenda kila siku kambini, alimpenda hata wakati wa wimbo wa taifa, na hakujua angemtazama vipi usoni.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kwetu hakuna anayekwenda harusini, hata awe jirani wa ukuta mmoja, mpaka pozvačin agonge mlango wake. Huyo ndiye mwalikaji: riboni kuanzia begani hadi magotini, kengele kiunoni, kofia ya maua ya karatasi, na fimbo iliyovishwa ngozi ya kalunguyeye. Wetu ni mzee Evgen, ndugu wa Gizela, mtu anayeiheshimu kazi yake kuliko afya yake. Siku kocha alipopiga simu, Teja alimpigia Gorazd mara nyingi, lakini mashine ya kukamua ikiunguruma, Gorazd hasikii hata radi. Gari la timu liko mlangoni, muda hakuna. Teja akamkimbilia Evgen akamwambia, "Mjomba, nyumba zote, wapitie waambie harusi imeahirishwa. Gorazd nitampata mwenyewe kwa simu."

Evgen alisikia "nyumba zote." Hayo mengine, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuvaa kengele, hakuyasikia. Na pozvačin huanza na nyumba ya heshima. Nyumba ya heshima ni ya bwana harusi.

Akagonga kwa Flisar. Gorazd mwenyewe akafungua, mikono ina mafuta, nyuma yake mama yake Ilonka na fundi bomba aliyekuja kutazama sinki. Evgen akapiga fimbo chini, akasema kama ipasavyo: "Enyi watu wa heri wa nyumba hii, bibi na bwana harusi wanawasalimu, na wanawaomba msije."

Jioni Teja alipompata kwa simu kutoka kambini, Gorazd alisema maneno machache tu. "Nimeshaambiwa. Na kengele nilizisikia." Akakata.

Saa ya msafara ilipofika jua lilikuwa limetoka, theluji imebaki mitaroni tu. Msonobari ulilazwa juu ya magurudumu, umevishwa kofia ya bwana harusi na tai nyekundu, na vijana wasiooa wakiushika kwa kamba, wawili wawili. Teja alikaa juu yake kama juu ya farasi, gauni jeupe, viatu vya mazoezi. Wanakijiji walikuwa barabarani hadi kwenye uzio, wamevaa vinyago vya mashetani, madaktari na wahunzi. Wa Jelšanci walijipanga ng'ambo, wakila maandazi yetu.

"Teja!" mmoja wao alipaza sauti. "Huyo bwana wako ana mafundo mwili mzima!"

"Bora yeye, Tibor, fundo lako liko kichwani!" alijibu Teja, na watu wakaangua kicheko. "Tangu shule hujanifunga hata goli moja, leo ndiyo unataka kunifunga mdomo?"

Msafara ulisimama mahali unaposimama siku zote, mbele ya lango la Flisar, maana hapo barabara ni pana. Na hapo alikuwepo padri wa uongo, amevaa shuka nyeusi na kofia ya katoni, ameshika kitabu cha mapishi badala ya misale.

Gorazd aliinua macho. Teja naye alikuwa anamtazama. Hakuna aliyekwepa. Gorazd alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa vizuri upande mmoja, na Teja akatamani kumnyoa yeye mwenyewe, hapo hapo, kwa mkono wake. Gorazd naye aliiona bendeji mguuni, akaitazama muda mrefu kuliko padri anavyopaswa kutazama mguu wa bibi harusi.

"Padri, sauti!" walipiga kelele nyuma.

Akakohoa. "Ndugu wapendwa, tumekusanyika hapa kwa sababu vijana wetu ni wavivu na wasichana wetu wana safari nyingi."

"Amina!"

"Doroteja, unaukubali msonobari huu uwe mumeo, kwenye jua na kwenye theluji, mpaka shoka liwatenganishe?"

"Naukubali," alisema Teja. "Angalau hautanikatia simu."

Watu wakapiga miluzi. Masikio ya Gorazd yakawa mekundu kama tai ya mti. "Kama kuna mwenye pingamizi," alisema kwa haraka, "aseme sasa."

Hapo ndipo utamu ulipo kila mara, kwa sababu kila mtu ana pingamizi. Mmoja alisema mti una ndugu wengi mno msituni, watamaliza chakula. Mwingine alidai umekuwa ukimchumbia mke wake. Mzee wa zimamoto alisema bibi harusi ni hatari kwa mti, maana atautumia kuchonga magongo. Kisha sauti moja ikatoka langoni, na haikuwa ya mzaha.

"Mimi ninalo."

Ilikuwa ya Ilonka, mama yake Gorazd, mjane mnene aliyevaa aproni yake safi ya Jumapili, mikono kifuani.

"Mtu huyu hafai kuolewa," alisema. Wachache walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. "Leo yuko Vienna, kesho Prague. Anarudi na jicho limevimba kama plamu. Mti ukimngojea utaoza. Uozesheni msichana anayekaa nyumbani."

"Mama Ilonka," alisema Teja kutoka juu ya mti, taratibu, "kinachokuuma ni ile nyama ya nguruwe wa Januari?"

"Nyama tumekula, ilikuwa tamu. Si nyama. Ni mlango wangu. Mwanangu amesimama kwenye mlango wangu akaambiwa kwamba haoi, na nani? Na mtu mwenye kengele! Mbele ya fundi bomba!"

Hakuna aliyecheka tena. Evgen, kule mbele ya msafara na vazi lake la kualika, alijaribu kusimama bila kengele zake kulia, ikashindikana.

Teja alishuka. Aliruka kwa mguu mzima, akauburuza ule mwingine, akaenda mpaka mbele ya padri wa uongo.

"Naruhusiwa kujibu pingamizi?"

"Bibi harusi huwa hajibu," alisema Gorazd.

"Leo anajibu."

"Teja," alinong'ona, "watu wote wapo."

"Na kengele zilipokuja kwako hapakuwa na watu?" Alivuta pumzi. "Gorazd, nilikosea. Nilikupigia, hukusikia, nikaondoka. Nilipaswa kupita kwenye mashine yako. Ni dakika chache tu kutoka kwetu. Gari lingenisubiri. Nilijua lingenisubiri."

Gorazd aliivua ile kofia ya katoni. "Si kengele," alisema, na sasa hakunong'ona. "Kengele nilizicheka siku ya pili, nakuapia. Kilichoniuma ni kwamba zilinionyesha nilipo. Huku kijijini mimi ni mchumba wako. Kwenye magongo yako mimi ni jirani, napelekewa habari kama jirani yeyote. Miaka yote hii umeivaa jezi ya taifa, mimi sijakuona ukicheza."

"Ulikuja Vienna."

"Nilikuja Vienna mara moja! Mkafungwa saba, ukaniambia nina mkosi, nisikanyage tena uwanjani kwako."

"Saba!" alirudia Tibor wa Jelšanci kwa furaha.

"Nyamaza, wewe!" kilimjia juu kijiji kizima kwa mpigo.

Teja alikuwa anatazama viatu vyake. Hilo la Vienna hakuwahi kumwambia mtu. "Huna mkosi," alisema hatimaye. "Nilidanganya. Nilipookota ule mpira wa saba wavuni nikatazama jukwaani, nikakuona unanionea huruma. Uso wako wote. Nikaona heri wanione watu elfu nisiowajua, kuliko unione wewe. Niliona aibu, Gorazd. Basi."

Shuka nyeusi ya Gorazd ilikuwa inapepea, na macho yake yalikuwa yanang'aa vibaya kwa mtu mzima.

Teja aligeuka. "Mjomba Evgen, nipe fimbo."

"Fimbo gani?"

"Hiyo. Na kofia, na kengele."

Evgen aliikumbatia fimbo. "Mwanangu, hivi havijawahi kushikwa na bibi harusi. Si utaratibu."

"Na kwenda kumzuia bwana harusi asije kwenye harusi yake ni utaratibu?"

Evgen alianza kufungua mkanda wa kengele. Teja akajifunga juu ya gauni, akavaa kofia ya maua, akamgeukia Gorazd, akapiga fimbo barabarani.

"Enyi watu wa heri..."

"Hapana, hapana!" Evgen alipiga kelele, kazi yake imemrudia. "Mwaliko wa barabarani hauhesabiki! Lazima mlangoni, mlango ufungwe, ugonge, mwenye nyumba afungue!"

Watu wakatazamana. Kisha wote wakamtazama Ilonka, maana mwenye nyumba ni yeye, na nyumba ilikuwa tupu. Kama asingetaka, angebaki tu pale langoni na mikono yake kifuani, na mambo yangekuwa yamekwisha. Teja alilijua hilo. Alisimama anangoja, fimbo mkononi.

Ilonka alimtazama kuanzia kofia hadi bendeji. Akasonya. Akageuka, akazunguka nyuma ya nyumba kwa mwendo wake ule wa kuyumba, na Gorazd akainua shuka yake akamfuata mbio. Tukausikia mlango wa jikoni ukifungwa.

Teja alipanda ngazi za mbele. Akagonga.

Hata wa Jelšanci walisahau kutafuna. Akagonga tena. Ndani, tulisikia sauti ya Ilonka ikisema, "Ngoja kwanza, niweke aproni sawa."

Mlango ukafunguka.

"Enyi watu wa heri wa nyumba hii," alisema Teja, akaisukuma kofia nyuma, akaanza upya. "Enyi watu wa heri wa nyumba hii. Mimi Doroteja Zrim nimekuja mwenyewe. Nawaalika Prague mwezi wa saba, kwenye mechi za kufuzu. Mtakaa nyuma ya goli langu, karibu kabisa, mahali ambapo kila kitu kinaonekana. Na Jumamosi inayofuata nawaalika kwenye harusi, kama bwana harusi bado anataka. Na nasema mapema, hapa mlangoni, ili msije mkaambiwa na mtu mwingine: magongo siachi. Nitacheza mpaka magoti yakatae. Nikiitwa tena, nitakwenda tena. Ila wa kwanza kujua atakuwa Gorazd, hata kama gari la timu litaniacha."

"Na huko Prague," aliuliza Ilonka, "ukifungwa?"

"Mtaniona nimefungwa, Mama."

"Saba?"

"Natumaini zisifike."

"Hm," alisema Ilonka. Alinyoosha mkono akalishika bega la Teja, akaliminya kama anayepima donge la unga. "Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo huo mtu anaalikwa. Nimekaa nikidhani ni mambo ya wenyewe. Sasa huko Prague kuna baridi? Nibebe nini?"

"Mama," ilisikika sauti ya Gorazd kutoka nyuma yake, "naomba upite, mlango ni mwembamba na wewe umeujaza."

Ilonka alisogea. Gorazd akatoka na shuka yake nyeusi, nywele zimesimama, akamshika Teja pamoja na riboni na kengele na kofia, akambusu. Kengele zililia mpaka zikakosa mpangilio. Gizela alikuwa analia na pini zote mdomoni. Evgen alikuwa analia waziwazi, akisema kwamba kofia itaharibika.

"Jibu lazima litamkwe!" alisema baadaye, akifuta pua. "Mwalikwa anasemaje?"

"Mwalikwa anakuja," alisema Gorazd. "Kote kuwili."

Kelele zilizofuata ziliwatisha kuku wa barabara nzima. Na hapo Tibor, ambaye siku hiyo hakutaka kutuacha tufurahi, akaunyooshea mti kidole. "Haya, na huyu je? Bibi harusi wake amekimbia na padri! Vrbanovci, hata msonobari mmeshindwa kuuoza?"

Lilikuwa pigo. Mti usipooa, tungechekwa mpaka fašenk nyingine. Wasichana wote wakaanza kutazama pembeni. Ndipo Ilonka aliposhuka ngazi, akivua aproni.

"Nisaidieni kupanda," alisema.

"Mama!" alisema Gorazd.

"Nini? Mimi ni mjane, nina ruhusa. Ni mrefu, hanywi, na hatakwenda Vienna." Wazima moto wakamnyanyua kwa shida kubwa na vicheko vikubwa zaidi, akakaa juu ya msonobari, akaiweka sawa tai yake nyekundu. "Padri! Acha mambo yako uje ufanye kazi."

Gorazd aliwafungisha ndoa kwa maneno machache, mkono mmoja ukiwa umeshika kitabu cha mapishi na mwingine umemshika Teja. Hakuna aliyekuwa na pingamizi. Kisha msafara ukaanza tena, na kwa kuwa kamba ilikuwa na nafasi mbili zilizoachwa na jozi iliyokwenda kunywa, wakaingia Gorazd na Teja, bega kwa bega, Teja akichechemea.

"Mguu unauma?" aliuliza Gorazd.

"Sana. Usiniachie."

Wakavuta. Juu ya mti Ilonka alikuwa anawapungia mkono wa Jelšanci kama malkia.

"Teja."

"Eh."

"Mimi uso wangu siwezi kuutawala. Wakikufunga, nitakuonea huruma tena. Utaniona tu."

Teja alivuta kamba hatua kadhaa. Alikuwa analiwaza kweli, jinsi anavyowaza kabla ya penalti.

"Nionee," alisema. "Lakini upige kelele pia. Nikisikia sauti yako nitajua mpira unaofuata ninamdakia nani."

"Kelele gani?"

"Jina langu. Kwa nguvu zote."

Gorazd aliachia kamba, akaweka mikono mdomoni, akaliita jina hilo kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, tena na tena, mpaka mbwa wote wa Vrbanovci wakaitikia, na Teja akacheka hadi akashindwa kuvuta.